Chini ya Rangi ya Fedha

Sikudhani alilitua gurudumu la pikipiki ya mumewe mbele ya fundi Makwaya. Rimu ilikuwa imepinda na spoku tatu zimechomoka.

"Amekataa nilipeleke kwa fundi mwingine," alisema. "Anasema mwaka jana ulilipaka likang'aa kama jipya. Linyooshe, lipake tena, tuiuze pikipiki. Mnunuzi yuko njiani kuja hapa, anataka ya kupelekea wanawe shule."

"Na yeye anaendeleaje?"

"Nyonga bado haijaunga. Kutwa anajilaumu, eti siku ya ajali alikimbiza mno."

Makwaya alichukua msasa. Rangi ile ya fedha ilikuwa yake. Aliijua kwa tone lililogandia kwenye spoku. Siku ya kuipaka wateja walimzonga, akaipaka juu ya kutu bila kusugua. Sasa alisugua, tena polepole, kama anayeogopa kufika. Rangi ilibanduka vipande vipande, na chini yake, pale spoku zilipochomoka, chuma kilikuwa kimeliwa mpaka kimebaki kama karatasi.

"Usijisumbue, shemeji," Sikudhani alisema. "Wewe paka tu. Nani atachungulia chini ya rangi?"

Mkono wa fundi haukusimama. Chuma kikatoboka, tundu likapanuka hadi kidole kikapita.

Nje mtu alipiga hodi. Kopo la rangi lilikuwa wazi, brashi imo ndani tayari.

Makwaya akaliinua gurudumu kwenye mwanga wa mlangoni.

"Shemeji," alisema, "njoo uchungulie."

Jicho la Sikudhani likatokea upande wa pili wa tundu, likamtazama.