Mwandiko Ndani ya Kifuniko

"Kebo ya diski ilikuwa imelegea. Imekazwa."

Maneno hayo yaliandikwa kwa penseli ndani ya kifuniko cha kompyuta. Chini yake yaliandikwa tena, na chini yake tena. Mzee Gerson alivaa miwani, akahesabu mistari hadi ishirini na sita, akachoka. Tarehe zenyewe zilikaribiana mno, na ugonjwa ulikuwa uleule.

"Mama, huyu fundi wako alikuwa anakuchezea," alisema. "Mashine moja, kosa moja, na yeye anakaza tu na kuandika. Mimi nisingekubali."

Kuandika ndani ya kifuniko kulikuwa kuzuri, hilo hakulikataa. Yeye mwenyewe alifanya hivyo miaka yote alipokuwa fundi kiwandani Mgololo, ili atakayefungua baadaye ajue nini kilifanyika. Lakini mistari ishirini na sita! Huo si ufundi, ni uzembe.

Mteja alimmiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, bila sukari. Gerson akajiuliza amejuaje kwamba hanywi sukari. Basi, mtaa wa Kihesa hauna siri. Majirani watakuwa wamemwambia.

Asubuhi hiyo alipotoka barazani kuota jua, alimkuta amekaa kwenye benchi, amejifunga kitenge juu ya sweta, kompyuta tayari iko mezani. Mama wa miaka arobaini hivi, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. "Kamwene, baba," alimwamkia, kama Iringa wanavyowaamkia wazee wote, naye akampenda papo hapo. Siku hizi wateja wa mashine za zamani walikuwa adimu. Vijana wa mtaani walizicheka, wakiziita makabati. Mtu aliyelipenda kabati lake, kwa Gerson huyo alikuwa ndugu.

"Ya nani hii?" aliuliza.

"Ya baba yangu. Aliinunua ofisini kwao walipoleta mpya. Mimi nilikuwa nasoma Tosamaganga. Kila nikirudi likizo namkuta kaifungua, kaongeza kitu."

"Na yeye yuko wapi?"

Mama alitazama pembeni. "Yupo. Ila amenisahau."

Gerson akaweka bisibisi chini. Aliwajua wanaume wa namna hiyo. Mtu anastaafu, anapanda basi la Mbeya, huko anaanzisha nyumba nyingine, na watoto aliowalea anawafuta moyoni. Hasira ilimpanda.

"Baba gani anamsahau mtoto wake? Nikimwona huyo nitamwambia wazi."

"Mwambie, baba," alisema taratibu. "Mwambie namsubiri."

"Hii ikiwaka, atakuja?"

"Mwanzoni alikuwa anakuja. Ikiwaka tu anakuja, tunaongea hata nusu saa. Mwezi huu bado hajaja hata mara moja."

"Basi itawaka," alisema Gerson, na alimaanisha.

Hakutaka kufuata maandishi ya fundi mzembe. Alianzia kwenye umeme, akapima kwa mita yake, ukawa mzuri. Akachomoa ramu, vile vibao vya kumbukumbu, akazisugua miguu kwa kifutio cha shule, akazirudisha. Akabadilisha betri ndogo ya saa. Akawasha. Mashine ikaamka, ikahesabu kumbukumbu zake, kisha ikalalamika kwamba haioni diski. Akazima, akapitisha vidole kwenye ile kebo pana ya kijivu. Upande mmoja ulikuwa umechomoka nusu.

Kumbe yule mzembe alikuwa sahihi. Gerson aliona aibu kidogo.

"Kebo ninayo nyingine ndani," alisema. "Nikikubadilishia hutasumbuka tena. Na ramu nitakuongezea, iwe nyepesi."

"Hapana!" alidakia mama. Kisha akashusha sauti. "Iache hivyohivyo, baba. Nakuomba."

Wateja na mambo yao. Gerson akaikaza ileile, akawasha.

Feni ikavuma. Diski ikakoroma, ikatulia. Kwenye kioo cheusi yakajitokeza maandishi ya kijani:

HABARI ZA ASUBUHI, TEKLA. UMEKUNYWA CHAI?

Gerson akacheka kwa furaha, akapiga makofi. "Ona! Mtu kaifundisha mashine kuamkia! Huyu Tekla ndiye nani?"

Mama hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akimtazama yeye usoni, kikombe amekishika kwa mikono miwili, hakupepesa.

"Ni mimi," alisema.

"Basi alikupenda, mama. Mtu hahangaiki hivi kwa mtoto asiyempenda."

"Najua," alisema, na machozi yakamtoka.

Gerson aligeukia uani ili kumstahi. Uchungu ulimpata na yeye, asijue ni wa nini. Kazi ilikuwa imefaulu, mashine imewaka, lakini moyo wake ulikuwa mzito, akatamani angekuwa na neno la kumpa mtoto wa watu.

"Atakuja," alisema. "We msubiri tu."

"Leo haji." Alijifuta kwa upindo wa kitenge. "Labda kesho."

Gerson akazima mashine, akamuuliza tarehe, akachukua penseli sikioni. Akakigeuza kifuniko na kuandika chini ya mistari yote: "Kebo ya diski ilikuwa imelegea. Imekazwa." Macho yalikuwa yamechoka, kwa hiyo akamwomba mteja arudishe mwenyewe kifuniko na skrubu zake, akamshukuru kwa chai, akajikongoja kwenda kujilaza.

Tekla alimsindikiza baba yake kwa macho hadi alipopotelea ndani, kisha akaingiza mkono kwenye mashine na kuilegeza ile kebo, kwa ajili ya kesho.