Kadi ya Mwanamisi

Kila Ijumaa kila mtu hutia tone la damu yake kwenye kadi yenye dawa, na askari wa mwili waliomo ndani ya damu, wakiwa bado hai, huwaka. Wanaotulinda huwaka kijani. Waliogeuka wakamla mwenye mwili huwaka nyekundu, naye huchukuliwa na gari la wapimaji. Jirani yetu Bi Rehani hajarudi.

Mwezi uliopita kadi ya mjukuu wangu Mwanamisi iliwaka nyekundu. Niliificha, nikajaza nyingine kwa damu yangu, na hivyo ndivyo nifanyavyo hadi leo.

“Bibi, kwani damu yangu ina pilipili?”

“Kunywa uji wako.”

Leo kadi yangu imewaka nyekundu, na yake, niliyoijaza kwa damu yangu, vilevile. Imebaki moja tupu. Mpimaji anapiga hodi.

“Basi nitoboe mimi, Bibi,” Mwanamisi anasema, kidole amekinyoosha.

Naishika sindano, naisogeza kwenye kidole chake.