Ndege ya Kaka Kwenye Mahindi

King'ora kilinyamaza ghafla.

Fundi saa alisimama katikati ya mahindi makavu, rimoti mkononi, akatega sikio. Kile king'ora kidogo ndani ya ndege hulia chenyewe ukizima rimoti, na hakinyamazi mpaka mtu achomoe betri. Betri haijichomoi. Basi humu shambani mlikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa ameishika ndege ya kaka yake.

Ya kaka yake, ndiyo, na balaa lilikuwa hapo. Kaka mtu aliiunda kwa miaka miwili, kijiti kwa kijiti, na siku ya kusafiri aliacha neno moja tu mlangoni: "Ndege yangu usiiguse." Fundi, mtu mzima na mvi zake, akaigusa, akairusha, ikamponyoka na kuangukia mahindini. Saa tisa alasiri kaka angekuwa amerudi nyumbani.

Alishika mstari wa kule alikoiona ikizama, mnara wa maji ukiwa alama mbele ya pua yake, asipinde kulia wala kushoto. Hatua mia mbili na kitu, mara mahindi yakakatika. Hapo katikati palikuwa peupe, mabua yamelazwa chini, na mwanamke wa makamo alikuwa akivunja mahindi na kuyatupia guniani kwa kasi ya ajabu.

"Habari za kazi, dada?"

"Mama yangu! Umenishtua!" Mwanamke alichungulia nyuma ya fundi. "Uko peke yako?"

"Peke yangu. Natafuta ndege ndogo, ya rimoti. Imeanguka hapa hapa."

"Sijaona."

Haraka mno, fundi aliwaza. Mtu ambaye hajaiona angeuliza kwanza ndege gani, kubwa kiasi gani. Huyu hakuuliza hata moja. Anayo, na kama hana anajua ilipo.

Lakini warusha ndege wana adabu zao, na kaka yake alizikazania kama sala. Ukiangusha ndege shambani, unaomba ruhusa kwanza. Ukimkuta mwenyewe kazini, unamsaidia, ndipo utafute. Isitoshe, wakiwa bega kwa bega angeweza kumchunga.

"Naomba ruhusa nitafute humu shambani mwako, dada. Nami nitakusaidia kuvuna."

Mwanamke alimpima kwa macho kuanzia kofia hadi viatu.

"Ruhusa umepata. Ila tusipige kelele, kichwa kinaniuma."

Wakavuna. Fundi alivunja mahindi kwa mikono na kuvuna habari kwa macho.

"Mbona umeanzia katikati?" aliuliza.

"Ya pembeni hayajakauka."

Alipopata upenyo, fundi alijongea pembeni, akavunja hindi moja na kulibonyeza kwa ukucha. Kavu, kavu kabisa! Ahaa. Kumbe hataki nifike huku. Alipekua mistari minne mizima, akaambulia miwasho tu shingoni.

Baadaye kidogo mwanamke akaja na jingine. "Kaka yangu, hebu nenda ukaniangalizie njia ya nyuma kama inapitika. Gari lisije likakwama."

Anataka kuniondoa, fundi alisema moyoni. Hanipati ng'o.

"Inapitika," alijibu bila kuinua kichwa. "Niliiona nilipokuwa nakuja."

Saa tano na nusu walianza kubeba magunia hadi kwenye pikapu, iliyoegeshwa nyuma ya kichaka. Jasho lilimtiririka fundi mpaka kwenye nyusi, mgongo ukimlaumu, lakini macho hayakulala. Gunia la tisa alilisukuma kwa makusudi mpaka kwenye turubai lililokunjwa nyuma ya kiti. Kitu kikalia kwaa. Alifunua. Bawa jekundu.

"Na hii nini?"

Mwanamke alitupa jicho njiani.

"Nakuuliza, dada. Hii nini?"

"Nimeikuta inalia," alisema kwa sauti ya chini. "Niliogopa watu watakuja. Chukua, kaka yangu. Yaishe."

Ee, fundi alijisikia raha jamani! Alinyooka, akavuta pumzi, akatoa hotuba ambayo kaka yake alimtolea yeye mara nyingi.

"Kuchukua kisicho chako ni vibaya, dada. Hata kama kimekuangukia. Mtu ametoka jasho, wewe unakuja kuficha chini ya turubai! Angekuwa mwingine angekuitia watu."

"Najua. Nimekosa. Usiite watu."

"Siiti. Lakini usirudie."

"Sirudii."

Macho ya mwanamke yalikuwa mekundu, na hasira za fundi zikayeyuka. Huruma ikamwingia. Alipakia mwenyewe magunia mawili yaliyobaki, akakaza kamba, akasimama nyuma ya gari kumwelekeza: njoo, njoo, kata kulia, basi. Pikapu ikaondoka bila hata kupiga honi.

Alikagua ndege. Mkwaruzo mmoja tumboni, wa kuzibwa kwa rangi kidogo, na saa ilikuwa saba kasoro. Angefika nyumbani mapema na kaka asijue lolote. Alitoka shambani akipiga mluzi, ndege kwapani.

Njiani akakutana na mzee akisukuma baiskeli iliyofungwa magunia matupu, mkewe nyuma yake na kapu la chakula.

"Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahaba. Mbona jasho hivyo, baba?" mzee aliuliza.

"Nilikuwa namsaidia mwenye shamba kuvuna." Fundi alionyesha kwa kidevu, akiona fahari. "Magunia kumi na moja! Ameondoka nayo sasa hivi."

Mzee alisimamisha baiskeli. Mkewe alilitazama shamba, akamtazama fundi, akaweka kapu chini polepole.

"Mwenye shamba yupi?" aliuliza. "Hili hili letu?"