Sahihi ya Marehemu

Sheria ilikuwa wazi: mtu akifa, sahihi yake hufa naye, na programu alizotengeneza hugoma kufunguka mpaka mtu aliye hai azidhamini. Ukishadhamini, kila neno la programu huhesabiwa kuwa lako.

Bi Kidawa aliachiwa programu moja tu na marehemu mumewe, Sefu. Mwaka mzima aliiogopa. Leo akamwita binti yake, Mwanahawa, wakaifanya kazi kwa utaratibu. Walinakili picha na nyaraka zote pembeni, wakaiondoa kompyuta mtandaoni, kisha Mwanahawa akasoma namba za utambulisho kwenye skrini, mama yake akizifuata kwa kidole kwenye karatasi yenye mwandiko wa Sefu. Zililingana hadi ya mwisho.

"Haijachezewa, Mama. Ni ya Baba mwenyewe. Lakini hatujui itasema nini."

"Baba yako alikuwa na jambo la kuniambia, akaondoka nalo," alisema Bi Kidawa, akaweka dole gumba kwenye skrini kuidhamini.

Sauti ya Sefu ikajaa sebuleni, na mikwaruzo yake ile ile. "Kidawa, nilikukosea. Cherehani yako haikuibwa. Niliiuza mimi, nikakuacha umtuhumu dada yako mpaka akafa. Nakuomba radhi."

Bi Kidawa alifumba macho. Miaka thelathini alihisi mumewe anamficha jambo, akisubiri aliseme.

Alipoyafumbua, Mwanahawa alikuwa ameziba mdomo, anatazama skrini. Kompyuta ilikuwa imeshaandika kumbukumbu, kama sheria inavyotaka:

"Aliyekiri na kuomba radhi: Kidawa binti Omari."