Bata Tuliyemwacha

Mjomba alipuliza filimbi yake ya kuigiza sauti ya bata, na kundi zima likageuka kuja kwetu. Tulikuwa tumelala kwenye matete tangu alfajiri, bata wetu wa mbao, chambo chetu, wakielea mbele yetu.

"Tulia, mpwa wangu," alininong'oneza. "Leo tunakula."

Wiki tatu tulikuwa tunarudi mikono mitupu. Nyumbani mama alishaacha hata kutuuliza.

Bata walishuka hadi nikaiona miguu yao. Wa mbele, mguu wake mmoja ulikuwa umevunjika, unaning'inia kama uzi. Nilimtambua papo hapo. Mwaka jana tuliwapiga wenzake wote kumi na mmoja, yeye na mguu wake huo tukamwacha makusudi. Ndivyo Mjomba anavyowinda: katika kila kundi huacha mmoja, ili akawalete wengine.

Na kweli alikuwa amewaleta, mia kama si zaidi.

Alizunguka mara moja juu ya wale wa mbao, akapiga ukelele mkali. Kundi lote likapaa.

"Mjomba," nikasema, "miaka yote hii tumekuwa tukiwaachia mwalimu."

Alikuwa bado anapuliza filimbi, na kila alipopuliza, bata waliongeza kasi ya kutukimbia.