Askari wa Kuazima

Zama hizo askari wa mwili waliazimwa, mradi mwe ndugu wa damu. Virusi vilipowala askari wa Mghoi, mama yake, Bi Wakesho, alimpa askari wake wakongwe, wale wanaokumbuka kila ugonjwa uliowahi kumlaza. Mghoi akanenepa. Bi Wakesho akaugua upya surua ya utotoni, akatengwa chumbani.

"Bibi mzima na surua!" Mghoi alimtania nyuma ya kioo. "Bado kuota meno tu."

"Koma, mtundu wewe."

Mghoi akainama. "Mama, wamepungua tena. Madaktari wanataka wengine."

Bi Wakesho aliingoja hofu, haikuja. Akakunja mkono wa gauni. Akingoja sindano, akaanza kuyakumbuka magonjwa mengine aliyopona: tetekuwanga, kifaduro, halafu kile kifua kikuu kilichomuua dada yake.