Alama ya Vema

Nilivua kiatu kwenye ngazi za makumbusho. Lengelenge lilikuwa limepasuka, na soksi imegandamana na kidonda.

"Bado vituo viwili, mama watoto. Jikaze," alisema mume wangu, mkaguzi wa maghala, kalamu mkononi. Tangu jana tulikuwa tukikimbizana kwa miguu na orodha yake ya mahali pa kutembelea mjini humu, ambamo mimi niliomba kituo kimoja tu.

"Na shule alikofundisha marehemu mama?"

"Si tumeiona kutoka darajani? Lile paa jekundu."

Nikaichukua orodha. Kweli, palikuwa na alama ya vema, nadhifu kama zile anazopitishia magunia.

"Treni ni saa kumi," alionya. "Haisubiri mtu."

Nilikivaa kiatu kwa kukikanyaga nyuma kama kandambili, nikashika njia ya darajani.